Ireland na baraza lake la wananchi 99: vyama viliaminije, na kwa nini mwaka 2024 mambo yaligoma

Kila watu wakianza kujadili haya mabaraza ya wananchi, yale ya kuokota raia wa kawaida kwa sampuli, kuwakalisha wikendi kadhaa wasikilize wataalamu halafu wapige kura ya kupendekeza jambo, lazima mtu ataje Ireland. Na ikitajwa inasimuliwa kama hadithi tamu tu, eti wanasiasa walishindwa wakawapa wananchi, wananchi wakaamua kwa busara, wanasiasa wakanyenyekea, mwisho. Kiukweli hiyo ni nusu ya kisa, na nusu iliyobaki ndo yenye faida kwa mtu anayetaka kujua kama kitu cha aina hii kinaweza kuaminiwa na vyama vinavyogombana.

Msimamo wangu nausema mapema ili usinisome unatafuta. Vyama vya Ireland havikuliamini lile baraza la 2016, lililojadili utoaji mimba, angalau mwanzoni. Vilikuwa vimebanwa kwenye kona na vilitaka mlango wa kutokea, kila kimoja kwa sababu zake, nyingine za hovyo kabisa. Uaminifu ulikuja baadaye, kwa vipande, na ulikuja kwa sababu baraza halikuwa na neno la mwisho. Sasa tuingie kwenye kisa chenyewe.

Mwaka 1983 Ireland walipiga kura ya maoni wakaingiza kwenye katiba yao marekebisho ya nane, ibara ya 40.3.3, inayosema dola inatambua haki ya kuishi ya mtoto aliye tumboni sawa na haki ya kuishi ya mama yake. Ilipita kwa asilimia 67 hivi. Kwa maana nyingine utoaji mimba, ambao tayari ulikuwa kosa la jinai, ukapigwa kufuli la kikatiba, yaani hata bunge likitaka kubadilisha haliwezi mpaka lirudi kwa wananchi. Mwaka 1992 ikaja kesi iliyoitwa kesi ya X, binti wa miaka 14 aliyebakwa na akazuiwa kusafiri kwenda Uingereza kutoa mimba, na mahakama kuu kabisa ikaamua kwamba kama maisha yake yako hatarini, ikiwemo hatari ya kujiua, inaruhusiwa. Wananchi wakapiga kura tena mwaka huohuo, wakakubali wanawake wasizuiwe kusafiri na wasizuiwe kupata taarifa, ila wakakataa kuiondoa hoja ya kujiua. Mwaka 2002 wakaulizwa tena kuhusu hiyohiyo hoja ya kujiua, wakakataa tena kuiondoa, safari hii kwa kuponea chupuchupu, asilimia 50.4 kwa 49.6. Ukijumlisha, ni miaka karibu 20 ya kurudi kwenye jambo lilelile bila bunge kutunga hata sheria ya kufafanua uamuzi wa 1992.

Halafu Oktoba 2012 akafariki Savita Halappanavar, daktari wa meno mwenye umri wa miaka 31, kwenye hospitali ya Galway. Mimba ilikuwa inaharibika, aliomba isitishwe, akaambiwa haiwezekani maana mapigo ya moyo ya mtoto bado yanasikika, akapata maambukizi kwenye damu akafa. Nchi ikatikisika. Serikali ya muungano ya Fine Gael na Labour chini ya waziri mkuu Enda Kenny ikaleta sheria mwaka 2013, sheria finyu ya kuruhusu pale maisha ya mama yakiwa hatarini tu, na hapo ndo utaona ugonjwa halisi ulikuwa wapi.

Kenny alikataa kuwapa wabunge wake ruhusa ya kupiga kura kwa dhamiri. Alisema msimamo wa chama ni mmoja, atakayepinga nje. Lucinda Creighton, aliyekuwa naibu waziri, akapinga, akatimuliwa kwenye kundi la wabunge wa chama pamoja na wenzake kadhaa, baadaye akaenda kuanzisha chama chake. Hii pointi naomba uishike vizuri kwa sababu wachambuzi wengi wanairuka. Wanasema tatizo la Ireland lilikuwa vyama kutoaminiana. Mi naona tatizo kubwa lilikuwa ndani ya kila chama. Fine Gael ilikuwa na wahafidhina wa vijijini na vijana wa mjini wamekaa meza moja hawatazamani. Fianna Fáil vilevile, tena zaidi. Hata Sinn Féin walikuwa na wao. Ugomvi ukiwa kati ya chama na chama unaumalizia kwenye uchaguzi, ila ukiwa ndani ya chama kila kiongozi anaogopa hata kuufungulia mdomo, maana akisogea kushoto anapoteza hawa akisogea kulia anapoteza wale.

Uchaguzi wa Februari 2016 ukaleta bunge lililopasuka vipande. Viti ni 158, Fine Gael ikapata 50, Fianna Fáil 44, Sinn Féin 23, waliobaki ni vyama vidogo na wabunge huru. Serikali ikaundwa Mei baada ya mazungumzo marefu, Fine Gael na wabunge huru wachache, huku Fianna Fáil, mahasimu wao wa tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1922, wakikubali kukaa nje na kutoiangusha. Serikali ya namna hiyo inaishi kwa kuombea. Na kweli, Julai 2016 mbunge huru Mick Wallace alileta muswada kuhusu mimba ambazo mtoto hawezi kuishi akizaliwa, mawaziri watatu walio huru wakaukubali kinyume na serikali yao wenyewe. Muswada ulishindwa ila ujumbe ulifika, hili jambo linaweza kuiua serikali siku yoyote.

Kwa hiyo Kenny akatoa baraza la wananchi kama suluhisho, lilikuwa tayari limeandikwa kwenye makubaliano ya kuunda serikali kwamba litaanzishwa ndani ya miezi 6. Kila upande ukasoma kilichoandikwa kwa macho yake. Mrengo wa kushoto, akina mbunge Ruth Coppinger, wakasema wazi huu ni ujanja wa kununua muda, nchi inajua inachotaka, leteni kura ya maoni sasa hivi. Wapinga utoaji mimba nao wakasema hili ni baraza la kupika matokeo yaliyokwisha amuliwa. Wale wa katikati walishusha pumzi tu maana kwa mwaka mzima wakiulizwa na mwandishi msimamo wao watajibu "tusubiri baraza". Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekuwa na imani na raia 99. Wa kushoto walihofia litachelewesha, wa kulia walihofia litaamua, na wa katikati walitaka lichelewe.

Ila kulikuwa na akiba kidogo. Kati ya 2012 na 2014 Ireland walikuwa na Kongamano la Katiba, watu 100, wananchi 66, wanasiasa 33 na mwenyekiti. Lile ndo lililopendekeza ndoa za jinsia moja zipigiwe kura, na Mei 2015 zikapita kwa asilimia 62. Faida ya lile kongamano, na hapa sizungumzii ndoa, ni kwamba wanasiasa wa vyama mbalimbali walikaa kwenye meza za duara na watu wa kawaida wikendi baada ya wikendi, wakaona kwa macho yao kwamba fundi bomba na mama wa nyumbani wakipewa maelezo na muda wanauliza maswali ya maana kuliko wabunge. Wengi walienda na dharau, wakarudi wamebadilika. Mbunge aliyeona mwenyewe ni shahidi mzuri kwa wenzake wa chamani, kuliko ripoti yoyote ya profesa. Ingawa tuwe wakweli, mapendekezo mengi ya kongamano lile yaliachwa yakaota vumbi, na moja lililopelekwa kwa wananchi siku ileile ya ndoa, la kushusha umri wa kugombea urais, lilipigwa chini kwa asilimia 73. Baraza kupendekeza sio tiketi ya kushinda.

Safari hii wanasiasa wakawekwa nje kabisa. Watu 99 na mwenyekiti mmoja, Jaji Mary Laffoy wa Mahakama ya Juu. Kampuni ya utafiti wa maoni, RED C, ikapita nyumba kwa nyumba kutafuta watu wanaofanana na nchi kwa jinsia, umri, eneo na tabaka. Hawakulipwa posho, walirudishiwa gharama tu. Kikao cha kwanza Oktoba 15, 2016 pale Dublin Castle, vingine vikafanyika hotelini Malahide, pembeni ya jiji, na suala la marekebisho ya nane likachukua wikendi 5 kuanzia Novemba mpaka Aprili 2017.

Hapa kwenye uteuzi nisimame kidogo kwa sababu kwetu Tanzania tuna kumbukumbu yake. Mwaka 2013 wakati wa Tume ya Warioba, ile ya kuandaa rasimu ya katiba mpya, tulikuwa na mabaraza ya katiba ya wilaya, na wazo lilikuwa zuri tu, wananchi wajadili rasimu. Lakini majina yakitoka kwenye mkutano wa kijiji yalikuwa yanapitia kwenye kamati ya maendeleo ya kata ndo yachujwe, na kamati hiyo ina madiwani na wenyeviti wa vijiji na mitaa, ambao sehemu nyingi walikuwa wa chama kimoja. CHADEMA wakalalamika mapema kwamba hapo baraza limeshatekwa kabla halijakaa. Sasa hata kama wajumbe wote wangekuwa malaika, chama cha upinzani kingeyaaminije matokeo? Uaminifu wa baraza unapotea kwenye mlango wa kuingilia, huwezi kuurudisha ndani kwa hotuba nzuri. Ireland walijua hilo, ndo maana hakuna diwani wala mbunge aliyegusa orodha.

Turudi Malahide. Ratiba yenyewe ilikuwa kazi ya kweli, watu wanaoidhani ni semina ya chai na maandazi wanajidanganya. Wanakaa meza za watu 7 au 8, kila meza na mwezeshaji na mwandishi wa kumbukumbu. Madaktari wa uzazi, wanasheria wa katiba, wataalamu wa maadili wa pande zote mbili, kila mmoja anaongea, halafu mezani wanajadili, halafu maswali. Vikao vya wazi vilirushwa mubashara mtandaoni. Maoni ya umma yaliyoletwa yalifika kama 13,000. Mwezi Machi yakaitwa makundi 17 ya wanaharakati, Amnesty International wako humo, Pro Life Campaign wako humo, maaskofu katoliki wako humo, kila mmoja na dakika zake sawasawa. Na wakasikilizishwa sauti zilizorekodiwa za wanawake 6 walioguswa na sheria hiyo, wakiwemo waliotoa na waliokataa kutoa. Hii ya mwisho naiona kubwa kuliko inavyosifiwa, kwa sababu kwa miaka 30 mjadala ulikuwa wa dhana na ibara, na wale wanawake wenyewe walikuwa wanapanda ndege kimyakimya kwenda Liverpool na London bila mtu kuwasikiliza.

Aprili 22 na 23, 2017 wakapiga kura, ya siri, kwenye karatasi. Hata hapo haikwenda laini, wajumbe walibishana na maneno ya karatasi ya kura, wakataka yabadilishwe, Laffoy akakubali kubadilisha, na kuna wakati jumamosi ile ilibidi wanasheria waeleze upya maana ya "kufuta" na "kubadilisha" kwa sababu watu walikuwa wamechanganyikiwa. Asilimia 87 wakasema ibara isibaki kama ilivyo. Asilimia 57 wakataka iwekwe ibara mpya inayolipa bunge mamlaka ya kutunga sheria. Halafu likaja bomu, asilimia 64 wakasema iruhusiwe bila kuuliza sababu, ingawa waligawanyika iwe mpaka wiki ngapi.

Bunge zima lilipigwa na butwaa. Wengi walitegemea baraza lilete kitu cha katikati, ruhusa kwa waliobakwa na kwa mimba ambazo mtoto hataishi, basi. Jumatatu yake wanasiasa wengi walikuwa wanasema chini chini kwamba hawa watu wamekwenda mbali, nchi haitakubali. Ukiniuliza kama siku ile baraza lilikuwa na imani ya vyama vyote nitakwambia hapana, lilikuwa limepoteza hata ile kidogo liliyokuwa nayo. Na hili ndo linanifanya nisiamini wale wanaosema baraza lenyewe ndo liliwashawishi wanasiasa. Matokeo ya Aprili yaliwatisha.

Kilichookoa ni hatua iliyofuata, ambayo kwenye hadithi tamu huwa haitajwi. Ripoti haikwenda kwa serikali iitekeleze. Ilipelekwa kwenye kamati maalum ya bunge, wabunge na maseneta kutoka vyama vyote pamoja na walio huru, chini ya Seneta Catherine Noone wa Fine Gael. Na kamati haikuanza kwa kujadili kama inaipenda ripoti. Iliita wataalamu upya, wengi wa aina ileile waliowahi kwenda Malahide, ikakaa nao miezi ya vuli yote ya 2017, wiki kwa wiki. Yaani wanasiasa walipitishwa kwenye darasa lilelile walilopita wananchi. Na hapo ndo kitu kikatokea ambacho nadhani hakuna aliyekipanga, baadhi ya wabunge walioingia na mashaka wakaanza kufika palepale walipofika wale 99. Suala la kubakwa ndo lililowakwamisha wengi, kwa sababu ukisema unaruhusu kwa aliyebakwa tu, nani atathibitisha, polisi? daktari? ndani ya wiki ngapi? unataka binti athibitishe kesi mahakamani huku mimba inakua? Wakagundua njia pekee inayotekelezeka ni kuweka kipindi cha mwanzo bila kuuliza sababu. Baraza lilikuwa limefika hapo miezi kadhaa nyuma, lakini mbunge anayeambiwa jibu na mtu mwingine analipinga, akilifikia mwenyewe analitetea.

Desemba 2017 kamati ikatoa ripoti yake, na haikunakili ya baraza. Baraza lilisema ibadilishwe, kamati ikasema ifutwe tu moja kwa moja. Baraza liligawanyika kwenye wiki, kamati ikasema 12. Sababu zingine za kijamii na kiuchumi ambazo baraza lilizipitisha mpaka wiki 22, kamati ikaziacha. Watu wengine waliona hapo wanasiasa wanawapokonya wananchi kazi yao. Mi naona kinyume, pale ndo wanasiasa waliipokea, maana sasa ilikuwa na mikono yao ndani yake na hawakuweza tena kusema hii ni ya wale wa hotelini.

Januari 18, 2018 Micheál Martin, kiongozi wa Fianna Fáil, akasimama bungeni akasema anaunga mkono kufuta ibara na anaunga mkono wiki 12. Huyu ni mtu aliyekuwa anajulikana kuwa upande wa kuhifadhi uhai, na chama chake ndo kile ambacho mkutano wake mkuu miezi michache nyuma ulikuwa umepiga kura kupinga kubadilisha ibara. Alieleza kwamba amesoma ripoti na ushahidi uliotolewa kamatini akabadili msimamo. Wabunge wake wengi hawakumfuata, na Mei mwaka ule zaidi ya nusu ya wabunge na maseneta wa Fianna Fáil walipiga picha ya pamoja kutangaza kwamba wao ni Hapana. Lakini hakuna aliyefukuzwa, maana hakukuwa na fimbo ya chama safari hii. Simon Coveney, naibu waziri mkuu kutoka Fine Gael, naye aliipinga wiki 12 mwezi Januari, ilipofika Machi akageuka. Leo Varadkar, aliyemrithi Kenny, na waziri wake wa afya Simon Harris wakabeba kampeni. Bunge la chini likapitisha muswada wa kura ya maoni kwa kura 110 dhidi ya 32.

Linganisha na 2013. Chama kilekile cha Fine Gael, suala lilelile, tena safari hii jambo lenyewe ni kubwa mara kumi zaidi, na hakikupasuka. Mwaka 2013 mbunge aliambiwa chagua kati ya dhamiri yako na chama chako. Mwaka 2018 aliambiwa kuna ripoti ya wananchi, kuna ripoti ya kamati, kuna wananchi wataamua wenyewe, we sema unachoamini. Hapo hata anayepinga anaweza kushindwa bila kudhalilika. Baraza lilimpa kila mwanasiasa sentensi ya kujitetea jimboni kwake, aliyekubali na aliyekataa.

Mei 25, 2018 wananchi wakapiga kura. Ndiyo asilimia 66.4, Hapana 33.6, waliojitokeza asilimia 64. Jimbo moja tu, Donegal, ndo lilisema Hapana, tena kwa tofauti ndogo. Cha kushangaza asilimia 64 ya wale wajumbe, waliosemekana wamekwenda mbali na nchi haitawafuata, ilikuwa karibu kabisa na hiyo 66. Sampuli haikudanganya, bunge ndo lilikuwa halijui nchi yake. Desemba sheria ikasainiwa na huduma zikaanza Januari 2019.

Lakini nisiwapake rangi. Kuna watu ambao baraza halikuwahi kupata imani yao mwanzo mpaka mwisho. Seneta Rónán Mullen na mbunge Mattie McGrath walikaa ndani ya kamati na wakailalamikia mpaka dakika ya mwisho kwamba mashahidi wameegemea upande mmoja. Peadar Tóibín wa Sinn Féin, ambaye chama chake hakikutoa uhuru kama wa wengine, aliadhibiwa kwa kupiga kura kinyume, akaondoka na mapema 2019 akaanzisha Aontú. Na Februari 2018, miezi michache kabla ya kura, ikagundulika kwamba wajumbe 7 wa ziada walioingizwa Januari ile hawakuchaguliwa kwa njia sahihi, mfanyakazi wa kampuni ya utafiti alikuwa ameokota watu kupitia marafiki na ndugu. Walikuwa wameshiriki kikao kimoja cha mada nyingine, sio cha marekebisho ya nane, na waliondolewa hapohapo na taarifa ikatolewa hadharani. Ila fikiria lingetokea mwaka mmoja nyuma, wakati kura ya Aprili bado mbichi. Nina uhakika kisa kizima kingeishia pale. Kitu kilichojengwa miezi 18 kinaweza kubomolewa na karani mmoja mvivu.

Na kuna hoja nyingine inayonisumbua. Siku ya kura RTÉ, shirika la utangazaji la taifa, walifanya utafiti kwa watu waliotoka vituoni na kama robo tatu walisema hawakubadili mawazo kwa miaka 5 iliyopita. Maana yake nchi ilishageuka kabla ya baraza. Kwa hiyo aliyehitaji kushawishiwa hakuwa mwananchi, alikuwa mwanasiasa, na baraza kazi yake kubwa ilikuwa kumwonyesha kwamba ardhi aliyosimama imeshasogea. Kama nchi isingekuwa imegeuka sidhani baraza lingeigeuza.

Sasa njoo 2024, maana ndo inayonipa uhakika na ninachokisema. Ireland walikuwa wamefanya baraza lingine la wananchi, la usawa wa kijinsia, chini ya Catherine Day, likakaa 2020 mpaka Aprili 2021, sehemu kubwa kwa Zoom kwa sababu ya korona. Lilipendekeza kuondoa ile ibara ya katiba inayozungumzia nafasi ya mwanamke nyumbani, na badala yake dola ibanwe kuchukua hatua za kuwasaidia wanaotunza wengine. Kamati ya bunge ikapitia pia ikakubaliana nao. Ilipofika serikalini maneno yakabadilishwa. Kutoka dola kubanwa, ikawa dola "itajitahidi". Muswada ukapitishwa haraka haraka na kura ikawekwa Machi 8, siku ya wanawake, kama zawadi.

Na vyama? Fine Gael ndiyo, Fianna Fáil ndiyo, Kijani ndiyo, Sinn Féin ndiyo, Labour ndiyo, Social Democrats ndiyo. Waliosimama upande wa pili ni Aontú na wabunge na maseneta wachache. Kama makubaliano ya vyama vyote ndo dawa, hapa ilikuwepo kuliko mwaka 2018. Matokeo, kura ya familia, ile ya kupanua maana ya familia nje ya ndoa, ikapigwa chini kwa asilimia 67.7 na kura ya utunzaji kwa 73.9, na hiyo ya pili hakuna pendekezo lililowahi kukataliwa kwa asilimia kubwa hivyo kwenye historia yao. Waliopinga sio wahafidhina peke yao, hata wazazi wa watoto wenye ulemavu walisema hiyo "itajitahidi" haina maana yoyote kwao.

Wapo waliosema mabaraza yamekufa baada ya pale. Mi naona baraza la 2021 halikupigiwa kura kabisa, lililopigiwa kura ni maandishi ya serikali yaliyovaa jina la baraza. Mwaka 2017 kamati nayo ilibadilisha mapendekezo, ndio, ila ilibadilisha hadharani, kwenye vikao vinavyorushwa, kwa miezi, na kila mbunge akieleza kwa nini. Mwaka 2024 serikali ilibadilisha ofisini halafu ikawaambia wananchi haya ni yenu. Na vyama vikakubaliana kwa sababu havikuwa na ugomvi wowote wa kumaliza, hakuna aliyekuwa kwenye kona, kwa hiyo hakuna aliyekaa chini kusoma kwa uzito. Makubaliano ya vyama vyote yaliyopatikana kirahisi hivyo mwananchi anayanusa kutoka mbali, anajiuliza hawa leo wamekubaliana nini mbona sijaambiwa.

Na bado hawajaacha. Mwaka 2023 walikaa wengine 99 kuhusu dawa za kulevya, chini ya Paul Reid, wakatoa mapendekezo 36 na yakapelekwa kwenye kamati maalum ya bunge kama ya Noone. Hapo ndo mi ningeangalia kama kweli nataka kujua, nani yuko ndani ya ile kamati, vikao vinaonekana au vimefungwa, na wakibadilisha neno wanasema kwa nini au wananyamaza.